Bushi na wea ringi za kujilainisha kwenye pampu: dalili, vyanzo na tiba

Bushi ni kikombe wazi ambamo shafti ya pampu huzungukia, slivu ni ganda linalovishwa shafti mahali inaposugua bushi, na wea ringi ni pete zinazobana mwanya kati ya impela (gurudumu linalosukuma maji) na keisingi (ganda la pampu). Simu ninazopigiwa kuhusu bushi za plastiki na za kaboni hufanana. "Tumefunga juzi, leo pampu haizunguki hata kwa spana." "Presha imeshuka lakini mota inakula umeme uleule." "Bushi imetoka vipande vipande." "Bushi nzima, slivu ndiyo imechimbika." Karibu kila anayepiga ameshaamua kwamba malighafi ni feki. Mara chache huwa kweli. Mara nyingi kosa liko kwenye vipimo vya mwanya, yaani nafasi kati ya shafti na bushi, au kwenye maji ambayo hayakufika mahali pake.

Neno "kujilainisha" ndilo linalotuponza. Maana yake ni kwamba ndani ya malighafi mna kitu chenye utelezi, kama grafaiti, tefloni au mafuta yaliyochanganywa humo humo, kinachozuia shafti na bushi kuumana pale utando wa maji unapokatika kwa muda mfupi. Haina maana kwamba bushi hujipoza. Shafti ya milimita 60 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika husugua kwa kasi ya takriban mita 4.5 kwa sekunde. Joto la msuguano huo lazima lichukuliwe na kitu, na ndani ya pampu kitu hicho ni maji. Plastiki hupitisha joto kwa shida sana, kwa hiyo maji yakikosekana joto hubaki palepale usoni mwa bushi. Ukilishika jambo hili, nusu ya matatizo yaliyo hapa chini utayatambua kabla hujafungua nati.

Kabla ya kugusa chochote. Kata umeme, piga kufuli kwenye swichi na ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa mwenzako. Funga valvu za pande zote mbili, toa presha, hakikisha geji imesoma sifuri na bado fungua plagi ya kutolea maji polepole. Na hili nalisema kwa uzito: usitumie moto wa gesi kutoa bushi yenye tefloni. Ikiunguzwa kupita kiasi hutoa moshi wa sumu unaoleta homa, kifua kubana na kukohoa saa kadhaa baadaye. Vumbi lake likibaki mkononi na ukawasha sigara, ni hatari ileile. Bushi iliyogoma ikerezwe itoke, au ipasuliwe kwa msumeno.

## Pampu imekwama saa, siku au wiki chache baada ya bushi mpya

Hili ndilo linaloongoza, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu huepukika kwa dakika kumi za kupima.

Anza kwa kutoa kaplingi inayounganisha mota na pampu, na kuzungusha shafti kwa mkono. Ikiwa ilikuwa nzito tangu siku ya kufunga, hata kabla ya maji kuingia, basi chanzo ni kibano, yaani kile kiasi ambacho bushi huzidi nyumba yake, tundu la chuma inamoshindiliwa. Mkerezaji alipima tundu bushi ikiwa mezani. Ukiishindilia ndani ya nyumba yake, karibu kibano chote huhamia kwenye tundu. Bushi ya plastiki iliyokerezwa kubwa kwa 0.20 mm kuliko nyumba yake hupungua tundu kwa karibu 0.20 mm hiyohiyo. Kama ulikusudia mwanya wa 0.25 mm, umebakiwa na 0.05 mm, na hiyo kwa plastiki majini ni sawa na kutokuwa na kitu. Pima kwa mikromita ya ndani mahali patatu, mwanzo, katikati na mwisho, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Tiba nzuri ni kuacha tundu dogo makusudi, kushindilia, kisha kulikereza likiwa ndani ya nyumba yake. Pasipo nafasi ya kufanya hivyo, mwambie mkerezaji aongeze kile kibano juu ya mwanya unaotaka.

Ikiwa ilizunguka vizuri mwanzoni kisha ikaanza kukaza pole pole, shuku kuvimba kwa maji. Hapa mtuhumiwa ni nailoni. Nailoni 6 ikishiba maji huweza kubeba hadi asilimia 9 hivi ya uzito wake, na vipimo vyake hukua kwa asilimia 2 hadi 3. Chukua bushi yenye ukuta wa milimita 10: ukuta ukikua kwa asilimia 2.5 ni 0.25 mm, na kwa kuwa nje imebanwa na chuma, ukuaji wote huingia ndani. Kwenye kipenyo ni 0.5 mm au zaidi. Hakuna mwanya wa bushi ya maji unaostahimili hilo.

Niliwahi kuitwa kwenye kituo cha kuvuta maji ya mto ambako fundi, kwa kukosa bushi halisi, alinunua fimbo nyeupe mjini na kuikereza vizuri kabisa. Uso wake ulikuwa laini kama kigae. Pampu ilifanya kazi mwezi mzima. Jumamosi ikazimwa kwa kazi ya umeme, Jumatatu mota ikaunguruma na kukata swichi. Tulipoitoa shafti, bushi ilikuwa imeikumbatia kama kizibo kwenye shingo ya chupa, bila alama hata moja ya kuungua. Mzee aliyekuwa msimamizi wa karakana akaishika, akaipima ukuta, akamtazama yule kijana na kuuliza jambo moja tu: "Mwanangu, uliilaza kwenye ndoo kwanza?"

Ndoo hiyo ni kipimo cha kweli. Kata kipande cha fimbo uliyonunua, kipime kwa mikromita, kizamishe, kipime tena kila wiki. Ndoo pia itakusaidia kujua umeuziwa nini: polietilini huelea, nailoni huzama, na tefloni huzama tena ni nzito mkononi, kwa kuwa uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya maji. Kwa kazi ya maji muda wote tafuta malighafi isiyonywa maji: tefloni iliyojazwa kaboni, PEEK (plastiki ngumu inayovumilia joto) yenye nyuzi za kaboni, au polima zilizotengenezwa kwa ajili ya bushi za maji, kama Vesconite ya Afrika Kusini.

Chanzo cha tatu ni joto. Tefloni tupu hutanuka takriban mara kumi kuliko chuma. Ukiifunga karakanani kwenye nyuzi joto 25 kisha ukaipitishia maji ya nyuzi 90, ukuta wa milimita 10 utakula angalau 0.15 mm ya mwanya wako kwenye kipenyo. Kwa hiyo muulize mwenye kiwanda joto la maji kabla ya kukereza, si baada ya pampu kukwama. Mwisho kabisa, na kwa nadra, ni chenga za chuma zilizosahaulika ndani au nyumba ya bushi iliyopinda.

Usijaribu kuikwamua kwa kuwasha mota mara mbili tatu, wala kwa spana ya bomba yenye mpini mrefu. Nimeona shafti ya pampu wima iliyojikunja kwa namna hiyo, na gharama yake ilikuwa mara nyingi ya bushi. Pampu wima yenye nguzo ndefu ikikwama, kuivuta juu ni kazi ya watu wenye kreni na uzoefu wa kunyanyua. Usiianze kwa minyororo ya kuazima.

## Harufu ya kuungua, bushi imeyeyuka au imekuwa nyeusi

Bushi imezunguka kavu. Swali ni kwa nini maji hayakufika.

Kwenye pampu wima za kuvuta maji mtoni au kisimani, bushi za juu hukaa juu ya usawa wa maji. Pampu inapowashwa, huwa kavu hadi maji yapande kwenye bomba, na zile za mpira huharibika upesi sana katika muda huo. Kwa hiyo kwanza angalia mfumo wa kuzilowesha kabla ya kuwasha: pipa la juu lina maji? Valvu yake hufunguka kweli, au mtu aliifunga ili pipa lisivuje? Mwulize mwendeshaji wa zamu ya usiku, kwa upole, anafanyaje umeme ukikatika na kurudi. Mara nyingi jibu liko hapo.

Halafu fuata bomba dogo linalopeleka maji safi kwenye bushi. Lifungue upande wa bushi na ulielekeze kwenye ndoo kwa dakika moja. Mkondo unaodondoka badala ya kutiririka maana yake chujio limeziba au kuna kutu ndani. Kisha hewa: pampu iliyofungwa kwa mlalo baada ya matengenezo bila kutolewa hewa hubaki na pochi ya hewa juu ya bushi, na shafti huizungukia hiyo. Cha mwisho ni pampu kufanya kazi valvu ya kutolea ikiwa imefungwa, maji yaleyale yakisukwasukwa hadi yanachemka.

Uso wa bushi husema mengi. Plastiki iliyoyeyuka na kuganda tena hung'aa kama nta ya mshumaa, na ukingoni utaona ulimi mwembamba uliosukumwa nje. Polietilini haitaki kupita nyuzi 80 hivi. PEEK huyeyuka kwenye nyuzi 343, lakini huanza kulegea ikipita 143, kwa hiyo ukiona imeyeyuka jua joto lilikuwa kubwa mno na shafti nayo ipimwe kama imepinda. Kaboni haiyeyuki: hulika haraka na kuacha unga mweusi. Wengi hushangaa hapa kwa kuwa wanajua grafaiti ni kilainishi kikavu. Ukweli ni kwamba grafaiti nayo huhitaji unyevu kidogo ili iteleze vizuri.

Simama hapa: ukikuta pampu inayofanya kazi huku valvu zote mbili zimefungwa na keisingi ni ya moto, usiisogelee wala usifungue valvu yoyote. Kata umeme ukiwa mbali na uache ipoe yenyewe. Pampu za namna hiyo zimewahi kulipuka.

## Presha au maji yanapungua pole pole

Msikimbilie wea ringi. Safisha chujio la upande wa kuvuta, hakikisha maji kisimani au mtoni hayajashuka, badilisha geji ujue haidanganyi, na kama kulikuwa na kazi ya umeme, tazama mota inazunguka upande gani.

Yakiwa sawa hayo yote, fanya jaribio la valvu. Pampu ikiwa kazini, funga valvu ya kutolea, soma presha, fungua tena ndani ya dakika moja, kisha linganisha na chati ya mtengenezaji au na rekodi ya pampu ilipokuwa mpya. Jaribio hili ni la pampu za kawaida za impela ya kutupa maji pembeni. Zile zinazosukuma maji sambamba na shafti usizifungie valvu, mota itazidiwa. Presha ikiwa chini ya ilivyokuwa, wea ringi au impela imelika, na maji yanarudi ndani kwa ndani. Mota inalipia maji ambayo hayatoki.

Fungua, pima ringi ya impela kwa nje na ringi ya keisingi kwa ndani, mahali panne kila moja. Tofauti ndiyo mwanya. Kwa ringi za chuma, kiwango cha API 610, cha pampu za viwanda vya mafuta na gesi, hutaka mwanya usiopungua 0.25 mm kwenye vipenyo vidogo vya chini ya milimita 50, na 0.43 mm kwenye kipenyo cha milimita 150, na huongeza 0.13 mm kwa metali zenye tabia ya kuumana. Kanuni inayotumika sana karakanani ni kubadilisha mwanya ukifika mara mbili ya ule wa mwanzo. PEEK yenye nyuzi za kaboni, kwa kuwa haiumani na chuma, huruhusu kushusha mwanya hadi karibu nusu ya ule wa chuma. Faida hiyo ni ya kweli, nimeiona kwenye mita ya umeme.

Lakini si kwa kila maji. Chanzo kikuu cha wea ringi kulika ni mchanga, na kwenye maji ya mto wakati wa masika, yanapokuja na rangi ya chai ya maziwa, mimi sichagui PEEK kwa wea ringi. Nachagua chuma kigumu juu ya chuma kigumu. Kama ringi zote mbili ni za chuma, ugumu wake utofautiane angalau kwa 50 Brinell, isipokuwa zote ziwe zimepita 400. Chuma cha pua laini juu ya mwenzake kitaumana siku ya kwanza shafti itakapoyumba. PEEK iwekeni kwenye maji safi: maji ya boila, maji ya kupoozea, mvuke uliogeuka maji.

Mwanya ukiwa mkubwa si maji tu yanayopotea. Maji yanayopita kwa kasi kwenye mwanya mwembamba huishikilia shafti katikati, jambo linaloitwa kwa jina la mhandisi Lomakin. Ringi zikilika mshikilio huo hupungua, na pampu yenye hatua nyingi, yaani impela kadhaa mfululizo, huanza kutetemeka ingawa beringi zake ni mpya. Nimekuta watu wamebadilisha beringi mara tatu kwa mwaka bila kufungua keisingi hata mara moja.

## Bushi ya kaboni imepasuka

Kaboni huvumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa wala kugongwa. Swali la kwanza ni nyundo. Kama iliingizwa kwa nyundo, hata kwa kipande cha mbao katikati, ufa ulianza siku hiyo. Iingizwe kwa presi, kwa msukumo mmoja usiokatika, na mdomo wa nyumba ukerezwe mteremko mdogo wa kuipokea. Au pasha nyumba moto na uidondoshe ndani. Usihangaike kuigandisha kaboni yenyewe kwenye friza, kwa sababu husinyaa kidogo mno.

Tabia hiyohiyo ya kutobadilika sana kwa joto ndiyo chanzo cha pili, na hiki huwapita wengi. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi, kaboni 4 hadi 5 tu. Bushi ya kipenyo cha nje milimita 80, joto likipanda kwa nyuzi 120: nyumba hukua kwa karibu 0.115 mm, bushi kwa karibu 0.043 mm. Zimeachana kwa 0.07 mm. Kama kibano chako kilikuwa 0.05 mm, kimekwisha. Bushi imelegea, inazunguka na shafti, inagonga, inapasuka. Utaijua kwa mng'ao upande wa nje ambako hapakupaswa kusuguliwa. Kwa pampu za maji ya moto, kibano kikokotolewe kwa joto la kazi, na bushi ifungwe pini au bega la kuizuia.

Vingine ni mshtuko wa joto, yaani maji baridi kuingizwa ghafla kwenye pampu ya moto, na kule kupasuka kwa viputo vya mvuke pampu inapokosa maji ya kuvuta. Sauti yake ni kama kokoto zinazungushwa ndani ya debe.

Pampu ya kulisha boila usiifungue wewe na msaidizi wako peke yenu. Presha na joto lake vinahitaji kibali cha kazi na mtu wa boila mwenye leseni.

## Bushi nzima, slivu imechimbika mistari

Pitisha ukucha juu ya slivu. Kisha chukua lenzi uitazame bushi kwenye jua: utaona punje zinametameta, zimezama usoni mwake. Hizo ni mchanga. Malighafi laini humeza mchanga, halafu hukaa kama msasa, ikikereza shafti taratibu usiku na mchana. Tiba ni kuuzuia mchanga: maji safi kutoka nje yenye presha kidogo zaidi ya ile ya pampu, au chujio la kuzungusha linalotupa mchanga kando. Isipowezekana, bushi ya mpira yenye mifereji ya urefu huupitisha mchanga vizuri kuliko plastiki ngumu, mradi isiwahi kukauka, na slivu ipakwe tabaka gumu kama tangsteni kabaidi.

Kama hakuna mchanga, uliza ndani ya tefloni kumejazwa nini. Iliyojazwa glasi hula shafti laini. Iliyojazwa kaboni ni rafiki zaidi. Uso wa slivu nao uwe laini, takriban Ra 0.4 (kipimo cha ukwaru wa uso); uliotoka lethi bila kung'arishwa husaga bushi kama tupa.

Kwa wenzetu wa pwani wenye pampu za maji ya bahari: ukiona vishimo badala ya mistari, hasa pampu inaposimama muda mrefu, tatizo si msuguano. Grafaiti ndani ya maji ya chumvi huishambulia metali iliyo jirani kama betri. Chagua polima isiyo na grafaiti, au slivu ya metali inayovumilia bahari.

## Imelika upande mmoja

Tazama vyote viwili, bushi na slivu, kabla ya kutupa kimoja. Bushi ikilika upande mmoja na slivu ikilika pande zote, mzigo umesimama mahali pamoja: alainimenti ya mota na pampu ni mbovu, yaani shafti zao hazijanyooka mstari mmoja, mabomba yanaivuta keisingi, au pampu inafanya kazi mbali na kiwango chake na maji yanaisukuma impela upande. Legeza nati za flanji uone kama bomba linaruka. Likiruka, umempata. Bushi ikilika pande zote na slivu upande mmoja, kosa linazunguka pamoja na shafti: imepinda, au impela haina uwiano. Ilaze shafti kwenye vitalu vyenye mfereji wa V, weka dayali geji, izungushe pole pole. Shafti iliyopinda ipelekwe kwa mwenye vifaa vya kuinyoosha na kuisawazisha. Kuipiga nyundo sakafuni huongeza pindo la pili.

Yote haya hutegemea kitu kimoja kidogo. Kabla ya kuitoa bushi, chora kwa kalamu mstari wa juu kwenye bushi na kwenye nyumba yake, na uandike ni ya hatua ya ngapi kutoka kwenye kaplingi. Ikishalala mezani bila mstari huo, hutajua upande uliolika ulikuwa unatazama wapi.